Bia kali imegoma kuchachuka? Mwongozo kamili wa kuiamsha, hatua kwa hatua

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nimepika bia kali, siku tatu za kwanza povu limepanda mpaka likatokea kwenye mfuniko, alafu kimya, nimepima graviti, yaani uzito wa bia ukilinganisha na maji, sukari ikiliwa unashuka, nakuta 1.040 na haishuki tena, nifanyeje? Na mara nyingi mtu anaponiuliza ameshamwaga pakiti nyingine ya hamira juu, ameshaongeza sukari, ameshakoroga na mwiko mpaka mapovu, na bia iko palepale ilipokuwa, tena sasa imeingia hewa.

Bia kali ninayoisema hapa ni ile inayoanza na graviti ya 1.080 kwenda juu, stauti za imperial, barleywine, tripel za Kibelgiji, zile zinazoishia kilevi cha 8% mpaka 12%. Na usiilinganishe na busaa au mbege za nyumbani, zile tunazinywa zikiwa bado zinachachuka, hakuna anayezisubiri ziishe. Hii lazima iishe kabisa ndo iingie kwenye chupa.

Mwongozo wote huu unazunguka swali moja: aliyegoma ni nani, hamira au sukari? Hamira ikichoka au ikipata baridi inaacha sukari nzuri tu ambayo ingeweza kuliwa. Lakini saa zingine hamira ni nzima kabisa, imekula kila kinacholika, kilichobaki ni sukari isiyoliwa na hamira ya bia. Dawa ya hili siyo dawa ya lile, na ukikosea unapoteza wiki mbili na hela ya kimea.

## Vifaa, viandae kabla hujafungua mfuniko

- Haidromita, kile kielea cha kupimia graviti, na mtungi wake wa kupimia
- Kipimajoto unachokiamini
- Sanitaiza, mi napendelea ile ya asidi isiyohitaji kusuuzwa
- Mrija au pipeti kubwa ya kuvutia bia, usichote kwa kikombe
- Chupa ya kioo ya nusu lita kwa ajili ya jaribio
- Dumu la kioo la lita 5 kwa ajili ya stata, yaani hamira inayoamshwa pembeni kabla ya kuingia kwenye ndoo
- Ekstrakti ya kimea ya unga, gramu 150, rangi nyeupe
- Pakiti 2 za hamira ya bia za gramu 11, aina inayovumilia kilevi
- Virutubisho vya hamira, kama huna, pakiti ya hamira ya mkate inatosha, nitaeleza
- Kitu cha kuongeza joto: mkanda wa joto wa ndoo, au beseni kubwa la maji lenye hita ya tangi la samaki
- Daftari, usitegemee kichwa

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli imekwama

Mapovu ya ealoki, kile kidude cha mfuniko kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, siyo kipimo. Mfuniko wa ndoo ukiwa na kaupenyo kadogo tu gesi inapita hapo, ealoki inatulia wakati ndani kazi inaendelea. Na kinyume chake pia, chumba kikipata joto gesi iliyokuwa imeyeyuka kwenye bia inatoka, unaona ealoki inacheza unafurahi, kumbe hamna kitu kinacholiwa. Amini haidromita peke yake.

Safisha mrija, vuta bia ya kujaza mtungi, alafu imimine kutoka glasi moja kwenda nyingine mara kumi hivi mpaka gesi iishe. Hii watu wanairuka sana. Vipovu vya gesi vinajishika kwenye haidromita vinainyanyua, bia ya 1.028 inakusomea 1.032. Acha ifike nyuzi 20, ndo haidromita nyingi zimetengenezewa hapo, soma, andika. Ukipima ikiwa na joto la nyuzi 30 itasoma chini ya ukweli kwa pointi 2 au 3 (pointi 1 ni 0.001).

Siku hiyohiyo ipime haidromita yenyewe kwenye maji safi ya nyuzi 20, lazima isome 1.000. Ikisoma 1.004 basi kila namba uliyoandika tangu mwanzo toa 4.

Wenye refraktomita, ile inayopima sukari kwa mwanga, mnisikilize hapa. Kile kifaa kinadanganywa na kilevi. Bia iliyoanza 1.104 ikashuka vizuri mpaka 1.026, refraktomita inaweza kukuonyesha 1.050 na kitu. Nimeshakutana na watu zaidi ya mmoja waliohangaika mwezi mzima na bia iliyokuwa imeisha zamani kwa sababu hiyo tu. Kuna fomula za kusahihisha ila kwa bia kali mi nasema tumia haidromita.

Ukishapima subiri siku 3, pima tena. Sampuli kunywa au mwaga, usirudishe kwenye ndoo.

Imekwama kama: vipimo viwili vilivyopishana siku 3 ni sawasawa na bado uko mbali na lengo. Imeshuka hata pointi 1 au 2? Hiyo haijakwama, inatembea polepole, nenda hatua ya 3 na usifanye kingine chochote. Bia ya 1.100 kuchukua wiki tatu ni kawaida kabisa.

## Hatua ya 2: Ujue ilitakiwa ifike wapi

Huwezi kusema imekwama kama hujui inakoenda. Kila pakiti ya hamira au maelezo ya kiwanda yanakwambia inakula asilimia ngapi ya sukari. Kwa bia kali piga 75% kama makisio, hesabu yake rahisi: chukua pointi za mwanzo, zidisha kwa 0.25, hiyo ndo itakayobaki.

Nitatumia stauti yangu mwenyewe niliyopika Januari moja, lita 20, maana makosa yake yote niliyafanya mimi. Ilianza 1.104. Pointi 104 mara 0.25 ni 26, kwa hiyo nilitegemea 1.026. Siku ya 12 nikapima 1.042, siku ya 15 tena 1.042. Iliyoliwa ni pointi 62 kati ya 104, yaani kama 60%. Kilevi unakipata kwa kuzidisha tofauti hiyo na 131, kwa hiyo 0.062 mara 131 ni 8.1%. Kumbuka hiyo 8.1%, ndo inayofanya kuiamsha hamira kuwe kazi ngumu.

Bia zenye kimea kingi cheusi au cha karameli, au ekstrakti nyingi, zinaweza kuishia juu kidogo, 70% au hata 68%. Kwa hiyo kama yako imefika 70% na ladha siyo ya sukari sukari, huenda imeisha salama. Ionje. Iliyokwama inakuwa tamu ya kukwama kooni, kama uji uliozidishiwa sukari.

## Hatua ya 3: Joto na kuiamsha iliyolala

Hii haina gharama na inaponya bia nyingi, ndo maana inatangulia.

Siku za kwanza hamira inatoa joto lake yenyewe, ndoo inaweza kuwa na joto kuliko chumba kwa nyuzi kadhaa. Kasi ikipungua lile joto linaondoka, na kama ni usiku wa Januari kwenye nyumba za Uingereza, hita imezimwa, bia inashuka mpaka nyuzi 14, hamira inajikusanya inazama chini inalala juu ya machicha. Sukari iko juu, mlaji yuko chini. Aina za hamira zinazozama haraka kama S-04 ndo zinaongoza kwa tabia hii. Aliyeko sehemu za joto hili halimpati sana, yeye mara nyingi shida yake ni hamira chache au mashi (kule kuloweka kimea kwenye maji ya moto ili kitoe sukari), tutafika.

Fanya hivi:

1. Pandisha joto la bia, siyo la chumba, mpaka nyuzi 20 hadi 22. Pandisha taratibu, nyuzi 2 au 3 kwa siku. Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo ukikifunika na kitambaa kizito.
2. Ndoo ikiwa imefungwa, ishike pande mbili uizungushe kama mtu anayesuuza sufuria, dakika moja, mpaka machicha ya chini yaanze kupanda. Asubuhi na jioni.
3. Endelea siku 4 au 5, kisha pima.

Usifungue mfuniko ukakoroga. Mwanzoni hamira ilihitaji oksijeni, sasa hivi oksijeni inaiharibu bia, baada ya miezi utakunywa kitu chenye ladha ya boksi lililolowa. Na kama unatumia beseni na hita ya samaki, chomoa umeme kabla hujaingiza mkono, na waya uning'inie chini ya soketi kwanza ndo upande, ili maji yakitiririka yadondoke chini yasiingie kwenye umeme.

Umefanikiwa kama: graviti imeshuka pointi 3 au zaidi ndani ya siku 5. Basi acha joto hapohapo, endelea kuzungusha, usiongeze kitu. Haijasogea? Twende mbele.

## Hatua ya 4: Jaribio la chupa, hapa ndo unajua aliyegoma ni nani

Naomba sana usiruke hatua hii. Ni siku 3 na nusu pakiti ya hamira, inakuokolea wiki nzima ya kubahatisha, na unaweza kuianza sambamba na hatua ya 3 ili usipoteze muda.

Vuta mililita 300 za bia iliyokwama weka kwenye chupa safi. Chukua nusu pakiti ya hamira ya bia, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 30, vijiko vinne vitano, dakika 15, alafu mimina kwenye chupa. Funika kwa foili bila kukaza, iweke mahali pa nyuzi 25 mpaka 28, itikise kila ukipita. Siku 3.

Kwa nini inafanya kazi: umeweka hamira ambayo kwa kila lita ni zaidi ya mara 30 ya ile pakiti moja kwenye ndoo, na joto juu. Hata kama nyingi zitakufa kwa kilevi, zinazobaki zinatosha kumaliza kila kinacholika. Ladha itakuwa mbaya, usijali, hutainywa. Unachotafuta ni namba.

Acha itulie, mimina ile ya juu iliyojichuja, toa gesi, pima.

Chupa imeshuka sana, ndoo haijashuka: hamira ya kwenye ndoo ndo imechoka. Stauti yangu, ndoo 1.042, chupa ikasoma 1.027. Maana yake pointi 15 za sukari nzuri zilikuwepo zinasubiri mlaji. Nenda hatua ya 5 na 6.

Chupa na ndoo zinapishana pointi 1 au 2 tu: sukari iliyobaki hailiki. Hata ungemwaga ndoo nzima ya hamira hakuna kitakachobadilika. Ruka mpaka hatua ya 7.

Jamaa mmoja alikuja kwangu na barleywine ya 1.038 ameshaiwekea pakiti nne kwa vipindi tofauti. Tukafanya jaribio, chupa ikaishia 1.036. Tukaenda kukagua kipimajoto chake kwenye maji yanayochemka, kikasoma 96. Yaani wakati anaamini mashi yake iko nyuzi 67, ukweli ilikuwa 70 na zaidi. Kwenye joto hilo kimeng'enya kile kinachokata wanga kuwa sukari ndogondogo kinakufa mapema, unabaki na minyororo mirefu ambayo hamira haiwezi kuimeza.

## Hatua ya 5: Chakula cha hamira

Hapa nitakuwa mfupi. Hamira haiishi kwa sukari peke yake, inataka naitrojeni, zinki na vingine, na bia iliyopikwa kwa sukari nyingi ya mezani ina upungufu kwa sababu sukari nyeupe haina chochote zaidi ya utamu. Ila kumwaga chumvi za amonia kwenye bia ambayo tayari ina 8% hakusaidii sana, kilevi kinaizuia hamira kuzichukua. Virutubisho viweke kwenye stata ya hatua inayofuata, hamira ikiwa bado changa inakula inajiwekea akiba.

Huna virutubisho vya dukani? Chukua pakiti ya hamira ya mkate, ichemshe kabisa kwenye maji mililita 100 kwa dakika 10. Imekufa yote, na maiti zake ni chakula kizuri cha hamira hai. Nusu weka kwenye stata, nusu kwenye ndoo.

## Hatua ya 6: Stata iliyo hai, na kuizoeza kilevi

Sasa hapa ndo watu wanapokosea kila siku. Wanafungua pakiti wanamwaga hamira kavu juu ya bia ya 8%. Nilifanya hivyo na stauti yangu, siku 6 hata pointi moja haikusogea. Hamira kavu ikigusa maji utando wake unakuwa bado hauwezi kuchagua nini kiingie nini kisiingie, kwa hiyo kilevi kinaingia moja kwa moja ndani. Zinazopona zinakuta hakuna oksijeni, sukari rahisi imekwisha, asidi imeshapanda, zinaona bora zizame zilale na wenzao.

Kinachotakiwa ni kuipeleka hamira ikiwa katikati ya kazi, povu juu, na imeshaonja kilevi kidogo kidogo.

Kuchagua hamira. Nottingham ya Lallemand ndo chaguo langu, kiwanda chenyewe kinasema inavumilia mpaka 14%. US-05 na S-04 za Fermentis zinafika kwenye 9% hadi 11%, zinatosha kama lengo lako ni 10% hivi, ila zinabanwa.

Utasikia wengi wanakwambia weka hamira ya mvinyo, EC-1118, inafika 18%. Ni kweli kwenye kilevi ni ngangari, lakini imezoea zabibu. Sukari za kimea zinaliwa kwa mpangilio, glukosi kwanza, kisha maltosi, mwisho maltotriosi ambayo ni minyororo ya vipande vitatu, na bia ikikwama ndo hiyo maltotriosi inayobaki nyingi. EC-1118 haiwezi kuila. Zaidi ya hapo inatoa sumu inayoua hamira nyingine zisizo na kinga, kwa hiyo hata zile za bia zilizokuwa zinajikongoja inazimaliza. Mi siiweki kwenye bia iliyokwama. Hata hamira ya bia chagua, Windsor kwa mfano nayo haili maltotriosi.

Utaratibu:

1. Jioni. Chemsha maji lita 1.5 na gramu 150 za ekstrakti ya kimea, dakika 10, pamoja na virutubisho. Poza mpaka nyuzi 25. Mimina kwenye dumu lililosafishwa, funga, litikise kwa nguvu dakika 2. Hapa oksijeni inatakiwa, ni mahali pekee kwenye kazi hii ya kuiamsha bia ninapokuambia utikise mpaka mapovu, kwa sababu hamira inaitumia kujenga utando imara na itaimaliza yote kabla haijagusana na bia yako.
2. Weka pakiti moja nzima ya gramu 11, uliyoiloweka dakika 15 kwenye maji ya nyuzi 30. Foili juu. Joto la chumba, 22 mpaka 24.
3. Kesho asubuhi povu likiwa limepanda, saa 10 mpaka 14 hivi tangu uweke, ongeza nusu lita ya bia iliyokwama. Ipitishe kwa mrija mpaka chini, isirukeruke.
4. Subiri saa 6 mpaka 8. Povu litashuka kidogo alafu litarudi. Lisiporudi usiendelee, ongeza joto nyuzi 2, subiri zaidi.
5. Povu limerudi? Ongeza lita 1 nyingine ya bia iliyokwama. Sasa dumu lina lita 3, na hamira inaogelea kwenye kilevi cha zaidi ya nusu ya kile cha kwenye ndoo.
6. Usiku huo au kesho yake asubuhi, povu likiwa kileleni, mimina dumu zima kwenye ndoo, taratibu, shingo ya dumu karibu kabisa na bia. Usisubiri mpaka povu lianguke! Likianguka hamira imeanza kujiandaa kulala na umerudi ulikotoka.
7. Joto la dumu na la ndoo yasipishane zaidi ya nyuzi 3. Ndoo iwe tayari 20 hadi 22.

Ndiyo, bia itapungua ukali kidogo kwa sababu umeongeza lita moja na nusu ya stata nyepesi. Ni kidogo na hutauonja utofauti.

Umefanikiwa kama: ndani ya saa 24 mpaka 36 unaona duara jembamba la povu jeupe juu, na ukipima siku ya 3 imeshuka. Usitegemee mbio, pointi 1 mpaka 3 kwa siku ni mwendo mzuri sana. Stauti yangu ilitoka 1.042 ikafika 1.027 kwa siku 9, namba ileile ya chupa ya jaribio, na hapo nikajua imekwisha kweli.

Baada ya siku 4 hakuna mabadiliko na jaribio la chupa lilisema sukari ipo? Rudia kwa pakiti nyingine mpya, ila safari hii ongeza bia iliyokwama mara nne badala ya mara mbili, kwa vipimo vidogo zaidi. Sijawahi kuhitaji mara ya tatu.

## Hatua ya 7: Kama sukari ndo hailiki

Una njia tatu.

Ya kwanza, iache hivyo. Stauti nzito ikiwa 1.036 inaweza kunoga ikikaa miezi sita, na uchungu wa hopsi ukiwa mwingi unasawazisha utamu. Wengi wanaharakisha kuiponya bia ambayo haiumwi.

Ya pili, changanya. Pika bia nyingine ya aina hiyohiyo lakini kavu, mashi nyuzi 63 au 64 kwa dakika 90, ikikaribia kuisha zichanganye nusu kwa nusu. Hii ndo ninayoipenda, maana unabaki na usemi juu ya ladha.

Ya tatu ni vimeng'enya, aina ya glukoamilasi, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya bia. Zinakata ile minyororo mirefu kuwa glukosi na hamira inaendelea. Zinafanya kazi kweli, ila hazijui kusimama. Ndani ya ndoo hakuna wa kuziambia inatosha, zinaweza kuiteremsha bia mpaka 1.005 au chini, mwili wote ukaisha, ukabaki na kitu chembamba chenye kilevi cha kuunguza. Ukiamua kutumia weka nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, na bia hiyo usiiweke kwenye chupa mpaka graviti isimame bila kusogea wiki 3 nzima. Siku 3 hazitoshi hapa kabisa.

## Hatua ya 8: Kabla ya chupa

Pointi 1 ya graviti ikiliwa ndani ya chupa iliyofungwa inatoa gesi karibu nusu ya ujazo wa bia. Chupa za kawaida za bia zinatakiwa zibebe ujazo 2.5, ukipita 3 unacheza na hatari. Sasa piga hesabu ya bia iliyokwama 1.042 ukaiweka kwenye chupa ukidhani imekwisha, alafu mwezi wa sita, kiangazi cha Uingereza, joto likapanda hamira ikaamka ikala pointi 10 tu. Ni ujazo 5 wa ziada. Hakuna chupa ya kawaida ya bia inayostahimili hiyo, inapasuka, na vioo vinaruka kwa nguvu ya kumtoboa mtu macho. Kuna watoto wanaopita karibu na hizo kabati.

Kwa hiyo: vipimo vitatu, kila kimoja siku 4 baada ya kingine, vyote sawa, na namba iwe karibu na ya chupa ya jaribio. Wakati wa kuweka kwenye chupa ongeza gramu 2 au 3 za hamira mpya pamoja na sukari yako ya gesi, maana ile ya zamani kwenye 10% haina nguvu ya kutengeneza gesi na utasubiri miezi bia ikiwa bapa. Chupa ziweke kwenye kreti lenye mfuniko wiki mbili za kwanza.

## Ukipika tena

Makosa yangu ya Januari yalikuwa mawili: pakiti moja kwa lita 20, na ndoo kuachwa baridi. Kwa bia ya 1.100 lita 20 unahitaji seli kama bilioni 480, hiyo ni pakiti 3 za gramu 11, siyo moja. Najua bei inauma, lakini linganisha na kilo 9 za kimea zilizoko kwenye ndoo.

Mashi iweke nyuzi 64 mpaka 65 kwa dakika 75 au zaidi, bia kali ina mwili wa kutosha yenyewe, haihitaji msaada wa 68. Kipimajoto kikague kwenye maji yanayochemka na kwenye barafu inayoyeyuka, kila msimu.

Hewa: tikisa worti iliyopoa, yaani ile bia kabla haijawekewa hamira, kwa dakika 5 nzima kabla ya hamira, maana worti nzito inashika oksijeni kidogo kuliko nyepesi. Ukitumia hamira ya maji, rudia mara moja tena kati ya saa 12 na 18 baada ya kuiweka, na baada ya hapo usiguse tena. Hamira kavu imewekewa akiba yake kiwandani, hiyo ya pili siyo lazima.

Sukari ya mezani kama ipo kwenye mapishi, usiiweke kwenye sufuria. Subiri siku ya 3 au 4 povu linapoanza kushuka, iyeyushe kwenye maji kidogo ya moto, ipoze, iongeze kwa mafungu mawili. Hamira ikianza kwa kushiba glukosi inakuwa mvivu kugusa maltosi. Fanya polepole kwa sababu gesi iliyomo itafumuka, weka ndoo kwenye beseni.

Na siku ya 3 anza kupandisha joto, nyuzi 1 kwa siku, kutoka 18 mpaka 22. Usisubiri ikwame ndo uipashe.